Mtu wa Mia Tano

Tuvichukue vitongoji viwili vya mfano katika uwanda wa mto Ganga, kaskazini mwa India. Kimoja kina watu 503, jirani yake kina 487. Vyote hulima mpunga na ngano, vyote viko kilomita 3 kutoka barabara kubwa, na vyote hugeuka visiwa mvua za Julai zikishika. Kwa mwenyeji, tofauti ya watu 16 ni familia mbili zilizohamia mjini na mapacha waliozaliwa majuzi. Kwa karani aliyepanga barabara za vijijini, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani apate lami na nani asubiri.

Mpango aliokuwa akiufuata karani huyo unaitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani mpango wa Waziri Mkuu wa barabara za vijiji. Ulizinduliwa tarehe 25 Desemba 2000, enzi za Atal Bihari Vajpayee, na kanuni yake ilikuwa fupi kiasi cha kuandikika kwenye kiganja: kila kitongoji kisichofikiwa na barabara ya kupitika mwaka mzima kipewe moja, kwa kufuata ukubwa. Vyenye watu 1,000 na zaidi vitangulie, vifuate vya 500. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila asilia, kizingiti kilishushwa hadi 250. Msingi wa hesabu ulikuwa sensa ya 2001.

Mtu anaweza kuicheka kanuni ya namna hii. Mtoto wa mia tano ana nini ambacho wa 499 hana? Hata hivyo mimi naitetea, angalau kwa nusu. Kabla ya hapo barabara za vijijini zilikuwa fadhila, zikimfuata mwenye sauti mjini, na asiye na sauti alingoja uchaguzi hadi uchaguzi. Namba haina mjomba serikalini. Mwanakijiji akijua wako 503, anaweza kusimama mbele ya mkuu wa wilaya na kudai, badala ya kuomba.

Shida ni kwamba namba huandikwa na watu. Sensa ya India hushuka hadi kijiji, haishuki rasmi hadi kitongoji. Kwa hiyo idadi ya kila kitongoji ilibidi itolewe na maofisa wa huko huko chini, wale wale ambao wangeulizwa na wananchi kwa nini lami haikufika. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walipozipanga takwimu hizo za mpango kwa ukubwa, waliona vitongoji vimejazana mahali pasipo pa kawaida: juu kidogo tu ya kizingiti. Mapacha wa mfano wetu, kumbe, wakati mwingine walizaliwa ofisini.

Hapa inabidi tuulize kijiji ni nini, maana jibu la sensa si lile la macho. Kijiji cha sensa ni kipande cha nchi chenye mipaka iliyopimwa, kilichoingizwa katika daftari la kodi ya ardhi, kiwe na watu au kisiwe nao. Sensa ya 2011 ilikuta vijiji zaidi ya 640,000, na kati ya hivyo takriban 597,000 tu ndivyo vyenye watu. Vilivyobaki ni majina kwenye daftari. Katika madaftari ya zamani huitwa be-chirag, yaani kisicho na taa. Kati ya Wahindi bilioni 1.21 waliohesabiwa mwaka ule, milioni 833 walikuwa vijijini. Ukigawanya, kila kijiji chenye watu kinapata wastani wa watu 1,400 hivi. Lakini wastani huo umefunika mambo mengi: kuna vijiji vya Kerala vyenye watu maelfu kwa maelfu, vilivyoshikana bila kuacha pengo, na kuna vijiji vya Himalaya ambako familia sita zimebaki kulinda nyumba arobaini.

Tena ndani ya kijiji kimoja mna vijiji kadhaa. Bihar na majirani zake husema tola, Rajasthan husema dhani, na maana ni kitongoji: kundi la nyumba lililojitenga na kundi jingine kwa shamba, kijito au, mara nyingi sana, kwa tabaka. Watu wa tabaka la chini, waliokuwa wakiitwa wasioguswa, kwa mapokeo walijengewa pembeni, na barabara ikiingia kijijini huingia kwanza pale penye nyumba za matofali, hekalu na duka. Ikikomea hapo, kijiji kimeshaandikwa kuwa kimefikiwa. Ndiyo maana waliobuni mpango walikataa kuhesabu kijiji wakachagua kitongoji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila ulifungua mlango wa hesabu za ofisini tulizoziona.

Kuhusu umbali, kanuni ilisema kitongoji hakijafikiwa ikiwa kiko mita 500 au zaidi kutoka barabara ya kupitika mwaka mzima; milimani, kilomita 1.5 za mapito ya miguu. Ni kipimo kikali kuliko kile cha Benki ya Dunia, kinachomhesabu mtu kuwa amefikiwa akiwa ndani ya kilomita 2. Lakini mita ni za kupima ardhi, na ardhi ya kijijini ina mito na majabali.

Hakuna aliyelijua hilo kuliko Dashrath Manjhi wa Gehlaur, karibu na Gaya katika jimbo la Bihar. Alikuwa kibarua, na kilima cha mawe kilisimama kati ya kijiji chake na upande wa pili penye soko na daktari. Mkewe, Falguni Devi, alifariki 1959, na safari ndefu ya kufikia matibabu ndiyo iliyomkaa moyoni mumewe. Mwaka 1960 Manjhi alianza kukikata kilima kwa nyundo na tindo. Alimaliza 1982. Alikuwa ametoboa njia ya urefu wa mita 110 na upana wa mita 9 hivi, na safari kati ya Atri na Wazirganj ikashuka kutoka kilomita 55 hadi 15. Alifariki Agosti 2007, akaagwa kwa heshima za serikali, na miaka minane baadaye wakatengeneza filamu juu yake. Watu hupenda kumsimulia kama shujaa wa mapenzi. Mimi hadithi yake huiona pia kama hati ya mashtaka: miaka 22 mtu mmoja alifanya kazi ambayo katapila ingeimaliza kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Sasa tuingie kwenye vitabu. Kila sensa, kila wilaya ya India hutolewa kitabu chake, na ndani yake mna orodha ya vijiji, kimoja mstari mmoja. Ukizoea kuvisoma, mstari mmoja unakupa kijiji kizima: kaya ngapi, wanaume na wanawake wangapi, watoto wa chini ya miaka saba, wanaojua kusoma, wanaolima shamba lao na wanaolima la mwenzao kwa ujira. Kisha huja huduma. Kama kitu kipo kijijini, huandikwa kipo. Kama hakipo, huwekwa herufi: a, kiko chini ya kilomita 5, b, kati ya 5 na 10, c, zaidi ya 10. Safu za usafiri zimejaa hadi raha. Basi la serikali, basi la mtu binafsi, stesheni ya reli, bajaji, teksi, trekta, baiskeli za miguu mitatu, mikokoteni ya wanyama, kivuko. Halafu barabara: ya lami, ya changarawe, ya kupitika mwaka mzima, njia ya miguu.

Mstari wa kijiji kidogo cha kawaida unaweza kusomeka hivi: basi b, stesheni c, bajaji a, trekta lipo, mkokoteni upo, lami ipo. Mtafiti wa mjini hufurahi kuona lami ipo. Mimi macho yangu hubaki kwenye ile b ya basi. Lami imefika mlangoni na basi limesimama kilomita tano au zaidi, kwa hiyo lami hiyo ni ya kutembelea. Safu inayohitajika haimo kitabuni: gari la kwanza linatoka saa ngapi, la mwisho linarudi saa ngapi, nauli ni kiasi gani, na mvua ikinyesha siku tatu nani bado anakuja.

Mvua si jambo dogo. Pepo za kusi ambazo watu wa pwani yetu wanazijua kwa majahazi huvuka ikweta, hujaa maji ya bahari, na kuanzia Juni hadi Septemba huyamwaga juu ya India. Neno lao la Kizungu la mvua hizo, monsoon, na neno letu msimu yalitoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika miezi hiyo njia ya udongo hugeuka mtaro, na mgonjwa hubebwa juu ya charpai, ambayo ni kitanda cha kamba kama kile cha Lamu na Pemba, mabegani mwa wanaume wanne hadi mahali gari la wagonjwa linapoweza kusimama. Kwenye orodha ya wilaya, kijiji hicho huenda kina alama ya barabara. Alama haisemi gari linaishia wapi.

Turudi kwenye idadi ya watu, maana kwa usafiri ina kazi nyingine kuliko kuwaleta wakandarasi. Ndiyo inayoleta abiria. Tufanye hesabu ya dereva. Kitongoji kina watu 200, na tuseme siku ya kawaida mmoja kati ya ishirini ana safari. Hao ni watu kumi. Bajaji ya kijijini, sheria ikiangalia pembeni, hubeba wanane. Kwa hiyo kitongoji kizima kinampa dereva safari moja na ushee asubuhi, na moja jioni. Hawezi kukaa kuwangoja mchana kutwa. Atakuja saa anayojua atajaza, nayo ni asubuhi ya siku ya gulio, kisha atawaacha. Kijiji cha watu 1,400 kinampa abiria 70, na hapo madereva wawili watatu wanaweza kugombana kituoni. Serikali ikijenga barabara mbili zinazofanana, kwa vijiji hivi viwili zitakuwa vitu viwili tofauti. (Jina bajaji ni letu. Wahindi wanakiita chombo hicho auto. Sisi wa Dar es Salaam ndio tuliokipa jina la kiwanda chake cha Pune.)

Anayeweza kukwepa hesabu ya dereva ni mwenye chombo chake. Sensa ya 2011 ilikuta baiskeli katika asilimia 46 ya kaya za vijijini, pikipiki au skuta katika asilimia 14, na gari katika asilimia 2 tu. Pikipiki zimeongezeka sana tangu hapo, yeyote aliyepita India anaziona. Ila pikipiki ya kaya ni ya baba au kijana wa kiume. Mama mkwe na mke wa mwana wanaendelea kungoja.

Ndiyo sababu ninaona hatua bora zaidi ya usafiri wa vijijini iliyowahi kuchukuliwa Bihar haikuwa barabara. Mwaka 2006 serikali ya Nitish Kumar ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa rupia 2,000 za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipowalinganisha na wavulana, na tena na jimbo jirani la Jharkhand, walikuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32 na pengo lao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Manufaa yalijikusanya kwenye vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shuleni. Baadaye wazo lilijaribiwa Zambia, wasichana wa vijijini wakapewa baiskeli, utoro ukapungua. Baiskeli haingoji ijae.

Kusini wamechukua njia nyingine: nauli. Tamil Nadu ilifuta nauli ya wanawake kwenye mabasi ya kawaida ya serikali 2021, Karnataka na Telangana zikafuata 2023, Andhra Pradesh 2025. Wanaume hulalamika kwamba mabasi yamejaa, malalamiko ambayo nayachukua kama ushahidi: wanawake wale walikuwa na safari siku zote, walichokosa ni nauli. Lakini basi la bure halimfai aliye na herufi c kwenye safu ya basi.

Na barabara zenyewe zimefanya nini? Hapa kizingiti cha mia tano kiligeuka zawadi kwa watafiti, kwa sababu vijiji vilivyo juu kidogo na chini kidogo ya mstari vinafanana kwa kila kitu isipokuwa lami. Asher na Novosad, safari hii wakitumia namba za sensa badala ya zile za maofisa, walichapisha matokeo yao 2020. Usafiri wa kutoka na kuingia uliongezeka. Sehemu ya wafanyakazi walio katika kilimo ilishuka kwa pointi 9 hivi za asilimia, watu wakienda kutafuta kibarua nje ya kijiji. Lakini mavuno, mapato na mali za kaya havikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Wanasiasa walioahidi kwamba lami italeta utajiri shambani hawakuyapenda matokeo hayo, bila shaka. Mimi sikuyaona ya ajabu. Barabara haizidishi mpunga. Inampa kijana mlango wa kutokea.

Wapo walioutumia mlango wakasahau kurudi. Katika jimbo la Uttarakhand, milimani, wilaya mbili, Pauri Garhwal na Almora, zilipungua watu kati ya sensa ya 2001 na ile ya 2011, wakati India nzima ilikuwa ikiongezeka. Tume ya uhamaji ya jimbo hilo iliripoti 2018 kwamba vijiji 734 vilikuwa vimebaki mahame tangu 2011. Wenyeji huvipa jina la vijiji vya mizimu. Wengine husema barabara ndiyo iliyowaondoa watu. Wengine kwamba ilichelewa mno, watu walikuwa wameshafungasha. Ninaegemea kwa hao wa pili, kwa sababu mtu haachi shamba na nyumba ya babu yake kwa ajili ya lami. Huondoka kwa kukosa shule, daktari na kazi, na barabara humrahisishia tu mzigo. Lakini tazama kilichotokea kwenye hesabu: kijiji kilichokuwa na watu 260 kikibaki na 190, kimeshuka chini ya kizingiti, na hoja ya kukipelekea huduma yoyote imepungua pamoja na watu wake.

Sensa nayo ina jicho lake la pembeni, na wakati mwingine huona kisichotakiwa kuonekana. Jonathan Lehne, Jacob Shapiro na Oliver Vanden Eynde walizichukua barabara ambazo mpango uliziandika kuwa zimekamilika na kulipiwa, wakaziweka kando ya orodha ya vijiji ya 2011. Baadhi ya vijiji vilivyolipiwa lami bado vilisomeka havina barabara ya kupitika mwaka mzima. Waligundua pia kwamba mjumbe mpya wa bunge la jimbo akishinda, wakandarasi wenye jina la ukoo kama lake walipata zabuni nyingi zaidi. Namba haina mjomba, nilisema. Zabuni inaye.

Linabaki swali ambalo halizungumzwi sana: nani anakuwepo siku ya kuhesabiwa? Sensa ya 2011 ilifanywa tarehe 9 hadi 28 Februari. Ni wakati mzuri kwa mhesabuji. Nchi ni kavu na njia zinapitika. Ni wakati mbaya kwa kitongoji cha vibarua. Baada ya mavuno ya mwisho wa mwaka, familia nzima nzima za Bihar, Odisha na Uttar Pradesh huenda kwenye matanuri ya matofali, wazee na watoto pamoja, na hukaa huko hadi mvua zitakapozima moto. Kwa kanuni ya sensa, asiyekuwepo kipindi chote cha kuhesabu hahesabiwi kwao. Huhesabiwa huko alipo, kama mhesabuji atalifikia tanuri. Kitongoji maskini, ambacho watu wake wanaondoka hasa kwa sababu hakina njia, ndicho kinachojikuta na nyumba zilizofungwa siku ile ambayo idadi yake inaandikwa.

Hayo yangekuwa mambo ya kale kama hesabu isingeendelea kutumika. Sensa iliyotakiwa kufanyika 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, ikaahirishwa tena na tena. Septemba 2024 serikali iliidhinisha awamu ya nne ya barabara za vijijini: kilomita 62,500 kwa vitongoji 25,000, kwa gharama ya zaidi ya rupia bilioni 700, hadi mwaka wa fedha 2028-29. Kizingiti ni kile kile cha 500 uwandani na 250 milimani, na idadi inayotumika ni ya Februari 2011. Msichana aliyekuwa mtu wa mia tano mwaka ule, aliyehesabiwa mgongoni mwa mama yake, atakuwa ameolewa kijiji kingine kabla mkandarasi hajamwaga kokoto.

Sensa ijayo imetangazwa. Kwa sehemu kubwa ya nchi, saa ya kuhesabia ni saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2027, mwezi ambao matanuri ya matofali bado yanawaka.